Diwani wa wilaya anaulenga ubunge 2031: aanzie wapi, na nini huwaangusha wengi?

Samia_Mpakani (Busia)

Hamjambo wanajukwaa. Nauliza kwa ajili ya diwani mmoja wa wilaya hapa Busia, upande wa Uganda. Mama huyu amerudi baraza la wilaya, LC5, kwa muhula wa pili, gombolola lake (eneo la chini ya wilaya analoliwakilisha) linamkubali, na sasa anaulenga ubunge katika uchaguzi mkuu wa mwanzoni mwa 2031. Miaka inaonekana mingi, lakini sote tumeshuhudia watu wanaoimbwa kila soko kisha siku ya kuteuliwa wanarudishwa mlangoni na karatasi zao mkononi.

Yanayotukwaza ni haya. Hakusoma S.6, yaani kidato cha sita. Alimaliza S.4, akaenda chuo cha ualimu akapata cheti cha Grade III, baadaye akaongeza diploma ya elimu ya msingi. Vyeti vyake vina majina mawili, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la mumewe. Kuna wanaomwambia lazima ajiuzulu udiwani siku 90 kabla ya uteuzi, wengine wanakataa. Tena hajaamua kama agombee kiti cha mwanamke wa wilaya au aingie jimbo mojawapo la Samia Bugwe alikozaliwa. Mwisho, siku ya kura yenyewe: ni wapi hasa watu hupoteza kura walizokwisha kuzipata?

Tunaomba wenye kuifahamu kazi hii watupe sheria, tarehe na taratibu. Maneno ya kututia moyo tunayo ya kutosha.

Karani_wa_Daftari (Tororo)

Ndugu wa Samia, shikeni vyeti kwanza. Ibara ya 80 ya Katiba haidai mengi: mgombea awe raia wa Uganda, awe mpiga kura aliyeandikishwa, na awe amemaliza elimu ya kiwango cha S.6 au inayolingana nayo. Umri wa ziada hautakiwi. Ndiyo maana Proscovia Alengot Oromait aliweza kuchaguliwa jimbo la Usuk mwaka 2012 akiwa na miaka 19. Lakini hilo sharti la elimu limewavua watu viti hata baada ya kuapishwa.

Mwenye cheti cha UACE, kile cha S.6, anakwenda nacho moja kwa moja. Mama yenu hana, kwa hiyo anahitaji cheti cha ulinganifu kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambalo hukitoa baada ya kushauriana na UNEB, baraza la mitihani. Sheria ya Uchaguzi wa Bunge inataka kiwe kimepatikana angalau miezi miwili kabla ya siku ya uteuzi. Katika uchaguzi mdogo muda huo hushuka hadi wiki mbili. Asidhani diploma inajieleza yenyewe. Baraza huangalia ngazi zote: cheti cha UCE, kile cha S.4, kisha Grade III, kisha diploma, pamoja na chuo kilichozitoa. Ngazi moja ikikosa karatasi halisi, kazi yote husimama hapo. Uchaguzi wa 2021 ulikuwa na uteuzi wa wabunge tarehe 15 na 16 Oktoba 2020, na huo ndio msimu wa kawaida. Kwa hiyo mwisho wa Julai 2030 awe nacho kabatini, na maombi ayapeleke miaka miwili au mitatu kabla. Miezi ya mwisho foleni ya pale ni ya nchi nzima.

Majina sasa. Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa sana. Ikiwa majina ni ya mtu yuleyule, tofauti ni mpangilio au tahajia, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo huweza kueleza. Ikiwa ameacha jina na kuchukua jingine, hiyo ni kubadili jina, na inafuata utaratibu wa Sheria ya Usajili wa Watu, pamoja na tangazo katika Gazeti la Serikali. Wengi hula kiapo pale palipohitajika kubadili jina kisheria, na mpinzani akipeleka shauri mahakamani hapo ndipo anapoanzia. Lengo ni jina moja, lililoandikwa sawasawa, katika kitambulisho, daftari la wapiga kura, cheti cha NCHE na karatasi ya uteuzi. Hata herufi.

Siku ya uteuzi anatakiwa kuwa na wapiga kura 10 wa jimbo analogombea wanaomuunga mkono kwa majina na sahihi. Msipeleke 10. Pelekeni 25, na kila mmoja ahakikiwe kwenye daftari la sasa, si la uchaguzi uliopita, kwa sababu watu huhamisha vituo vyao bila kumwambia mtu. Ada ni shilingi 3,000,000, hairudishwi. Ilikuwa 200,000 hadi marekebisho ya 2015 yalipoipandisha. Mkilipa, risiti ya benki iwe na jina lilelile nililolisema juu.

Kuhusu kujiuzulu: siku 90 ni za mtumishi wa umma, mwajiriwa wa serikali ya wilaya, na mwajiriwa wa chombo ambacho serikali ina sauti kubwa ya umiliki. Diwani ni mchaguliwa, si mwajiriwa. Sheria inamtaka aliye mjumbe wa baraza la serikali ya mitaa aachie nafasi hiyo kabla ya kuingia ubunge. Swali la kumuuliza mama ni jingine: je, ana ajira nyingine ya serikali, hata ya muda? Kama jina lake limo katika orodha ya mishahara ya shule ya serikali, siku 90 zinamhusu, na barua ya kujiuzulu iwe na mhuri wa ofisi iliyopokea pamoja na tarehe. Barua iliyopelekwa kwa mkono bila mhuri ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Rwenzori_Mashinani (Kasese)

Karani amemaliza vyeti. Mimi niseme juu ya chama, kwa sababu sehemu nyingi za nchi hii mbunge hupatikana kwenye mchujo, na uchaguzi mkuu wa Januari huwa ni kuthibitisha tu.

Vyama vyetu havichuji kwa namna moja. Chama tawala, NRM, mwaka 2020 na tena Julai 2025 ilipanga wanachama wake mistari nyuma ya wagombea au picha zao, kijiji kwa kijiji, kwa kutumia daftari la wanachama linaloitwa kitabu cha manjano. NUP ya upinzani hutegemea zaidi kamati ya uchaguzi inayowahoji waombaji na kuwapa tiketi. Kwa hiyo kabla ya kuchapa kalenda hata moja, mama ajue chama chake kinachuja vipi, na orodha ya wanaoamua imeshikwa na nani.

Kwa njia ya mistari, kazi inaanza siku daftari la tawi linapofanyiwa marekebisho, mwaka au zaidi kabla ya mchujo wenyewe. Watu wake wasipokuwa kwenye kitabu, siku hiyo wataambiwa watoke mstarini. Viongozi wa tawi la kijiji ndio wanaoandika, kwa hiyo uchaguzi wa matawi hayo, ambao wagombea wengi wa ubunge huupuuza kwa kuuona mdogo, ndio unaoweka kalamu mkononi mwa mtu. Halafu mstari una tabia yake: jirani anaona jirani amesimama wapi. Mwenye deni dukani hatasimama nyuma ya mpinzani wa mwenye duka. Kampeni ya mstari ni ya kaya kwa kaya, tena mapema. Mkutano mkubwa wa sokoni husaidia kidogo sana.

Matokeo hutangazwa kijijini kwa sauti, kisha hupandishwa gombolola, kisha wilayani, na katika kupandishwa huko ndiko huvuja. Wekeni mtu mmoja kila kijiji mwenye daftari la shule, aandike hesabu iliyotangazwa, saa, jina la msajili, na apige picha ya fomu. Gombolola moja linaweza kuwa na vijiji 40 au 60, basi hesabuni watu hao sasa. Rufaa ndani ya chama ina muda mfupi, siku chache tu, na bila karatasi za kijijini hakuna wa kuwasikiliza.

Kiti gani? Mimi ningemshauri kiti cha mwanamke wa wilaya. Anajulikana barazani, na kiti hicho kipo kila wilaya kwa mujibu wa Ibara ya 78. Bunge la 11 lilikuwa na wabunge 529 wa kuchaguliwa: 353 wa majimbo, 146 wanawake wa wilaya, na 30 wa makundi maalumu, yaani jeshi 10, na vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee watano watano. Hayo makundi hayamhusu, yana vikao vyao vya uchaguzi.

MamaGombolola (Arua)

Ndugu wa Rwenzori, hapo kwenye kiti siafikiani nawe kabisa. Diwani anajulikana katika gombolola analoliwakilisha. Kiti cha wilaya kinamtaka ajulikane katika magombolola yote, na kila gombolola lina vituo vya kupigia kura vinavyohitaji mawakala, chakula chao, usafiri wao. Wilaya ya Busia ina majimbo manne: Samia Bugwe Kaskazini, Kusini na Kati, pamoja na Manispaa ya Busia. Kiti cha mwanamke ni hayo yote kwa pamoja, kwa ada ileile ya milioni tatu na kwa mshahara uleule akishinda. Mtu mwenye mfuko wa diwani akijitwika wilaya nzima, wiki tatu za mwisho hana mafuta ya pikipiki.

Namkubali Rwenzori katika jambo moja, kwamba kiti hicho si cha daraja la chini. Rebecca Kadaga aliingia kwa kiti cha mwanamke wa Kamuli mwaka 1989, akawa Naibu Spika 2001, akawa Spika 2011 hadi 2021. Winnie Kiiza wa Kasese alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni, 2016 hadi 2018, naye kwa kiti cha mwanamke. Katika kupiga kura Bungeni hakuna tofauti. Tofauti ni ukubwa wa shamba la kulima.

Lingine la kupima ni mipaka. Wilaya ikigawanywa, kiti cha mwanamke hugawanyika nayo, na mtu anaweza kujikuta upande ambao hakuuwekea nguvu. Majimbo nayo hukatwa. Fuatilieni maazimio ya baraza la wilaya kuhusu magombolola na manispaa mpya, maana ndiko maombi hayo hupitia. Huyo mama ameketi palepale, ana taarifa kabla ya wengine.

Ushauri wangu: achukue matokeo ya chaguzi mbili zilizopita, kituo kwa kituo, kwa majimbo yote manne. Aweke alama vituo ambavyo diwani wa chama chake alishinda na mbunge wa chama hichohicho akashindwa. Huko ndiko watu hawana kinyongo na chama, wana kinyongo na mtu. Kama vituo hivyo vimejazana jimbo moja, jibu la kiti limepatikana.

Wakili_Elgon (Mbale)

Nijibu la siku ya kura na la mahakamani kwa pamoja, kwa kuwa la kwanza hutengeneza la pili.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa kumi hupiga kura. Hakuna mkutano wa kampeni ndani ya saa 24 kabla ya siku hiyo. Kila mgombea ana haki ya mawakala wasiozidi wawili kituoni. Jimbo la vituo 120 ni mawakala 240, na kila mmoja anahitaji barua ya uteuzi iliyotiwa sahihi. Msiwaandae wiki ya mwisho.

Kura huhesabiwa palepale kituoni, hadharani, na msimamizi wa kituo hujaza fomu ya kutangaza matokeo, ile inayojulikana kila kijiji kwa jina la DR. Wakala hutia sahihi na kupewa nakala yake. Hapo ndipo penye roho ya uchaguzi. Makosa ni yaleyale kila mara: wakala anatia sahihi fomu tupu asubuhi "ili kuokoa muda", wakala anaondoka saa tisa kwa njaa, tarakimu inasema 214 na maneno yanasema mia moja na kumi na nne, kura halali na zilizoharibika zikijumlishwa zinazidi karatasi zilizotolewa. Wakala afundishwe kujumlisha kabla ya kushika kalamu. Akiona tatizo aandike sababu yake kwenye fomu, asiondoke kwa hasira na kuacha nafasi ya sahihi wazi. Nakala iende kwa mtu mmoja wa gombolola, kisha kituo chenu cha kujumlishia, usiku uleule. Msitegemee picha za simu peke yake: betri hufa, na mtandao siku za uchaguzi umewahi kuzimwa nchi nzima, kama Januari 2021.

Tofauti ikiwa chini ya kura 50, au wakilingana, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo hupaswa kuhesabu upya. Nje ya hapo, ombi hupelekwa kwa Hakimu Mkuu ndani ya siku saba tangu matokeo kutangazwa. Lakini kama maboksi yamefunguliwa ovyo, mahakama haina cha kuhesabu, kwa hiyo wakala aandike namba za lakiri za boksi.

Shauri la kupinga uchaguzi hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu jina la mshindi litoke katika Gazeti la Serikali. Siku hazihesabiwi tangu kutangazwa wilayani. Fuatilieni gazeti hilo. Anayeweza kufungua ni mgombea aliyeshindwa, au mpiga kura wa jimbo hilo akiwa na sahihi za wapiga kura wasiopungua 500. Likishafunguliwa, mshtakiwa apewe nakala ndani ya siku saba. Mahakama Kuu inatakiwa kuamua ndani ya miezi sita, na rufaa huishia Mahakama ya Rufani. Zamani shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu: Betty Nambooze alipinga matokeo ya Mukono ya 2006, na kiti akakipata kwa uchaguzi mdogo wa 2010, muhula ukiwa umebaki kama mwaka mmoja tu.

Mashauri mengi hufa kwa sababu ndogo kuliko wizi wenyewe. Nakala za DR zisizothibitishwa na Tume ya Uchaguzi hukataliwa kama ushahidi. Ziombeni Tume kwa barua wiki ileile. Hati za kiapo za wasiojua kusoma, zisizo na maelezo ya mfasiri kwamba zilisomwa kwa lugha anayoielewa shahidi, hutupwa. Kisha kuna kipimo kigumu: kasoro za uendeshaji lazima ziwe zimeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kuonyesha kwamba vituo vitano vilichelewa hakutoshi ikiwa ushindi ni wa kura 9,000.

Rushwa ni kinyume chake. Tendo moja, likithibitishwa kwamba mgombea alilifanya mwenyewe au aliliridhia, linatosha kubatilisha uchaguzi wote hata angeshinda kwa kura 20,000. Kwa hiyo nawasihi: kampeni zikishaanza, hakuna harambee, hakuna bahasha ya paa la kanisa, hakuna mabati ya msikiti, hakuna jezi za timu, hakuna sukari ya matanga. Michango ya namna hiyo wakati wa kampeni imekatazwa na sheria, hata kama mgombea amekuwa akitoa miaka yote. Chakula na vinywaji kwenye kikao cha kupanga kampeni vinaruhusiwa. Mkiwa na kikao, wekeni orodha ya waliohudhuria na ajenda. Na mama aandike barua kwa viongozi wa dini wote kabla ya uteuzi, awaeleze kwa heshima kwa nini hatasimama kwenye mnada wa Jumapili mpaka kura zipite. Wengi wao wanaelewa, tena wanashukuru kuambiwa mapema.

Samia_Mpakani (Busia)

Asanteni sana, wakili, karani, na ndugu zangu wote. MamaGombolola, hesabu ya vituo tunaianza wiki hii. Nina swali la kufuatia. Tukichukulia ameshinda, kazi ya Bungeni yenyewe humpandishaje mtu? Wapo waliokaa muhula mzima na hakuna anayekumbuka walichofanya. Halafu suala la kuhama chama, maana uvumi hauishi.

Nyuma_ya_Siwa (Kampala)

Ndugu, diwani ana faida ambayo wengi hawaitumii: anajua vitabu vya wilaya. Bungeni kuna kamati za kudumu, zinazokaa miaka miwili na nusu, na kamati za sekta, zinazopangwa upya kila mwaka. Wanadhimu wa vyama ndio hupanga nani aende wapi, na walioingia bila chama hupangwa na Spika. Aombe Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Huko taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinafika wilaya kwa wilaya, maofisa watendaji wakuu wanaitwa na vitabu vyao, na mtu anayejua jinsi fedha ya barabara inavyoingia akaunti ya wilaya huuliza maswali ambayo daktari wa falsafa hayajui. Uenyekiti wa kamati za uwajibikaji ni wa upinzani. Akiwa chama tawala atakuwa mjumbe, na bado ni kiti kizuri. Nathan Nandala Mafabi wa Budadiri Magharibi alijulikana nchi nzima kupitia kamati za hesabu kabla ya kuwa Kiongozi wa Upinzani 2011.

Jambo la pili ni kalenda ya bajeti, na hapa ndipo wabunge wapya hupotea. Hotuba ya Juni ni sherehe, mambo yamekwisha. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya 31 Desemba, na Bunge huupitisha kabla ya 1 Februari. Taarifa za sera za wizara huja kabla ya 15 Machi, makadirio kamili kabla ya 1 Aprili, na Bunge humaliza kabla ya 31 Mei. Daraja la kijijini linalotakiwa mwaka wa fedha ujao liwe limesemwa kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya, Oktoba au Novemba. Mbunge anayeanza kulilia barabara mwezi Mei analia kwa ajili ya kamera.

Awaambie wapiga kura ukweli huu tangu kampeni: mbunge wa Uganda hana mfuko wa maendeleo ya jimbo kama wenzetu wa Kenya. Fedha za parokia (kitengo cha serikali chini ya gombolola, si cha kanisa) chini ya mpango wa maendeleo wa PDM, shilingi milioni 100 kwa parokia kwa mwaka, hupita kwenye ushirika wa akiba wa parokia, na mkopo wa kaya haupiti shilingi milioni moja. Mbunge hazigawi. Anaweza kuuliza kwa nini parokia fulani imechelewa, na kuuliza huko kukifanywa kwa barua kwa wizara na swali la Bungeni huzaa matunda. Anayeahidi kugawa atakopa ili agawe, na deni la mbunge wa muhula wa kwanza ndilo humfanya akimbie simu za watu wake.

Tatu, mswada binafsi. Unawezekana. Chris Baryomunsi wa Kinkizi Mashariki aliuleta mswada wa kupiga marufuku ukeketaji, ukawa sheria 2010. Raphael Magyezi wa Igara Magharibi alileta mswada wa 2017 ulioondoa kikomo cha umri wa rais, jambo lililogawanya nchi, na mwisho wa 2019 akateuliwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Kabla ya Bunge alikuwa katibu mkuu wa umoja wa serikali za mitaa. Utaratibu ni huu: hoja ya kuomba ruhusa ya Bunge, kuandika mswada kwa msaada wa wanasheria, cheti cha athari za kifedha kutoka Wizara ya Fedha, kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, kusomwa mara ya kwanza, kamati, mara ya pili, Bunge zima kama kamati kifungu kwa kifungu, mara ya tatu. Mingi hukwama kwenye cheti. Wizara ina siku 60. Zikipita bila jibu, sheria hukichukulia kuwa kimetolewa. Kwa hiyo barua ya maombi ipigwe mhuri wa kupokelewa siku ya kwanza, na siku ya 61 mbunge awe na nakala yake mkononi. Tena mswada wa mbunge hauwezi kuweka kodi wala kubebesha Mfuko Mkuu wa serikali mzigo. Hilo ni la serikali peke yake. Wengi huandika "serikali itajenga kituo kila wilaya" na mswada ukafa kwa sentensi hiyo.

Mahudhurio: akikosa vikao 15 bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, Bunge likiwa linaendelea kukutana, na akashindwa kuieleza kamati husika, kiti kinaweza kwenda. Ruhusa iombwe kwa barua, si kwa ujumbe wa simu.

Wakili_Elgon (Mbale)

La kuhama chama nilimalize. Ibara ya 83 inasema mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akikiacha na kujiunga na kingine, au kubaki bila chama, anapoteza kiti. Aliyechaguliwa bila chama akijiunga na chama, vilevile. Februari 2011 Mahakama ya Katiba, katika shauri la George Owor, ilikaza hilo hata kwa waliojiandikisha kugombea upya kwa rangi nyingine wakiwa bado wabunge. Baadaye Katiba ikarekebishwa, na sasa ndani ya miezi 12 ya mwisho ya Bunge mtu anaweza kuteuliwa kwa chama kingine bila kuacha kiti.

Kufukuzwa ni jambo jingine. NRM iliwafukuza wabunge wanne mwaka 2013: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Mohammed Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Mahakama ya Katiba iliwaondoa Bungeni 2014, Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao Oktoba 2015: kufukuzwa na chama si kukiacha. Kwa hiyo mama akigombana na chama chake, asiandike barua ya kujitoa kwa hasira. Aache wao waandike.

Na kama atashindwa mchujo na kuingia bila chama, ajue amefunga mlango kwa miaka minne. Apime hilo kabla ya wiki ya uteuzi, wala si usiku wa kushindwa, maana usiku huo marafiki wote wanamwambia mtu agombee.

MamaGombolola (Arua)

Niongeze la kushindwa lenyewe. Jacob Oulanyah aliingia Bunge 2001 kwa chama cha UPC kutoka Omoro, akakosa kiti 2006, akarudi 2011 kwa NRM na kuwa Naibu Spika, na Mei 2021 akawa Spika hadi alipofariki Machi 2022. Mwaka 2021 Ruth Nankabirwa na Judith Nabakooba walipoteza viti vyao Kiboga na Mityana wakiwa mawaziri, na wote wawili wakateuliwa tena mawaziri. Katiba inaruhusu waziri asiye mbunge, anakaa Bungeni bila kura. Kuna pia Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha: Uganda ina wajumbe tisa, huchaguliwa na Bunge letu kutoka nje yake, miaka mitano, mwisho mihula miwili. Mtu wa mpakani anayezungumza Kiswahili vizuri na kuelewa biashara ya Busia anafaa huko.

Karani_wa_Daftari (Tororo)

Moja dogo lililosahauliwa: akiapishwa, ana miezi mitatu ya kutangaza mali, mapato na madeni yake kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, kisha kila miaka miwili mwezi Machi. Aanze kukusanya sasa hati za viwanja, kadi za magari na taarifa za benki, pamoja na za mumewe na watoto. Anayeandika kwa kukumbuka tu huacha kiwanja kimoja nje, na hicho kimoja ndicho kitakachoulizwa.